Nukta za Lagangabilili

Lagangabilili, makao makuu ya Wilaya ya Itilima mkoani Simiyu, ni jina linalokitia kioo cha kompyuta majaribuni. Baada ya b husimama vijiti vitano vyembamba mfululizo: i, l, i, l, i. Nukta za juu zikififia, jicho hukosa pa kushika. Itilima nayo, ikiandikwa kwa khatti ya Arial, I yake kubwa haitofautiani na l ndogo. Mkoa na wilaya hiyo vilianzishwa mwaka 2012, Bariadi ikiwa makao makuu ya mkoa; lakini mgogoro wa jicho na herufi za kioo ni mkongwe kuliko mipaka hiyo.

Kompyuta ya kwanza nchini ilifungwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mashine hizo, na kwa miaka mingi zilipita kwa kibali tu. Katika miaka hiyohiyo herufi za kioo zilikuwa zikibuniwa ng'ambo na kupimwa kwa lugha za huko. Kiswahili, chenye maneno kama hili na lililo, kilizikuta zimekwisha kukatwa.

Kioo huchora herufi kwa nukta zilizopangwa safu kwa safu, mithili ya matofali. Kijiti kilichonyooka hupita salama. Mkunjo wa s huvunjika ukawa ngazi. Dawa ya mwanzo ilikuwa rangi ya kijivu: nukta za ukingoni hupewa nusu ya weusi, jicho likadhani limeona mkunjo laini. Lakini kijiti cha i, chenye upana wa nukta moja, kikiangukia baina ya nukta mbili hugeuka vivuli viwili. Ulaini uliookoa s ukaitia i ukungu.

Mwaka 1996 ilitoka Verdana, khatti ambayo Matthew Carter aliibuni kwa ajili ya Microsoft. Yeye alianza na nukta zenyewe, kisha ndipo akalichora umbo. Aliacha nafasi pana baina ya herufi, na akaipa I kubwa vijistari juu na chini ili isichanganywe na l.

Mwaka 1998 Microsoft ikatangaza ClearType. Katika kioo bapa, kila nukta ina mistari mitatu: nyekundu, kijani na buluu. Njia hii huutawala kila mstari peke yake, hivyo kijiti kikaweza kusogezwa kwa thuluthi ya nukta. Ilikuja ndani ya Windows XP mwaka 2001 ikiwa imezimwa. Katika Windows Vista ikawashwa tangu mwanzo. Kwenye vioo vya kichogo, ambavyo nukta zake hazilingani na mistari hiyo, faida yake ilipotea, na pindo za rangi zikaweza kujitokeza.

Vioo vya simu vya leo vina nukta ndogo mno, na Apple iliacha kutumia mistari ya rangi kwa kawaida katika macOS Mojave mwaka 2018. Hata hivyo kioo cha zamani hakitupwi maadamu kinawaka. Karani anayekitumia, awe Bariadi au Unguja, hudai jambo dogo: i ionekane i, na l ionekane l. Katika Lagangabilili, kosa la kijiti kimoja huandika mahali pasipokuwepo.