Ndoa za Mpakani: Gretna Green na Masharti ya Kuoana Ugenini

Gretna Green ni kijiji cha kusini mwa Uskoti, karibu na mto Sark unaoitenganisha nchi hiyo na Uingereza, na umaarufu wake katika historia ya ndoa haukutokana na uzuri wa mandhari wala utajiri wa wakazi wake, bali ulitokana na sheria. Katika karne ya 18 na ya 19, wachumba wa Kiingereza ambao ndoa yao isingekubaliwa kwao walisafiri hadi huko kwa magari ya farasi, wakaoana mbele ya mashahidi, kisha wakarudi nyumbani wakiwa mume na mke ambao mahakama za Uingereza hazikuweza kuwakana. Leo, ambapo watu wengi huchagua kuoana mbali na kwao, iwe visiwani, ufukoni au mbugani, historia ya kijiji hiki inastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa karibu kila swali la kisheria linalowakabili maharusi wa ugenini lilikwisha kuulizwa hapo.

Mwanzo wa mambo ulikuwa London. Kabla ya mwaka 1754 ndoa ya siri ilikuwa jambo rahisi nchini Uingereza, na mahali palipovuma zaidi kwa ndoa hizo palikuwa mitaa iliyozunguka gereza la wadaiwa la Fleet, ambako makasisi walioelemewa na madeni waliwaoza watu kwa malipo, bila kuwatangaza kanisani na bila kuuliza maswali mengi. Ndoa hizo zilikuwa halali, na madhara yake yalikuwa makubwa: wanaume walioa mara mbili, wasichana wenye mali walinaswa na walaghai, na tarehe zilizoandikwa katika madaftari hazikuaminika. Philip Yorke, yaani Lord Hardwicke, aliyekuwa mkuu wa mahakama za ufalme, alipitisha Bungeni mwaka 1753 sheria iliyokusudia kukomesha hali hiyo, nayo ikaanza kutumika tarehe 25 Machi 1754.

Sheria hiyo ilitaka ndoa ifungwe katika kanisa la Anglikana, mbele ya kasisi na mashahidi wawili, baada ya majina ya wachumba kutangazwa Jumapili tatu au baada ya kupata leseni ya askofu, kisha iandikwe daftarini na kutiwa saini. Mchumba aliyekuwa chini ya miaka 21 hakuweza kuoa au kuolewa kwa leseni bila idhini ya baba au mlezi, na hata palipotumika matangazo, mzazi aliweza kusimama kanisani na kuyapinga, yakabatilika. Wayahudi na Makweka, yaani wafuasi wa madhehebu yasiyo na makasisi, waliachwa nje ya masharti hayo. Wakatoliki hawakupewa nafasi hiyo. Kasisi aliyeivunja sheria aliweza kupelekwa kama mfungwa katika makoloni ya Amerika kwa miaka 14. Watetezi wa sheria walizungumzia ulinzi wa vijana, lakini kilichowashughulisha zaidi kilikuwa mali za familia kubwa, na wapinzani wao waliliona hilo waziwazi. Henry Fox, aliyeongoza upinzani, alikuwa mwenyewe amemwoa kwa siri binti wa Duke wa Richmond mwaka 1744, kinyume cha matakwa ya wazazi wa binti huyo.

Hata hivyo sheria ya Hardwicke haikuvuka mto Sark. Uskoti na Uingereza ziliungana mwaka 1707 na kuwa na Bunge moja, lakini mkataba wa muungano uliiachia Uskoti mahakama zake na sheria zake za kiraia, kama vile Zanzibar ilivyobaki na Mahakama Kuu yake ndani ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Nayo sheria ya ndoa ya Uskoti ilikuwa na asili ya kale sana. Katika sheria ya kanisa ya zama za kati, kilichofanya ndoa kilikuwa ridhaa ya wawili. Baraka ya kasisi ilikuwa wajibu wa kidini, lakini kuikosa hakukubatilisha ndoa. Mtaguso wa Trento ulibadilisha kanuni hiyo kwa Wakatoliki mwaka 1563, ulipoamuru kwamba ndoa isiyofungwa mbele ya paroko na mashahidi ni batili. Lakini Uskoti ilikuwa imeachana na Papa mwaka 1560, miaka mitatu tu kabla ya amri hiyo, na kwa hiyo ile kanuni ya zamani ilibaki mikononi mwa Waprotestanti baada ya Roma yenyewe kuiacha.

Kwa kanuni hiyo, mwanamume na mwanamke waliotamka kwamba tangu sasa wameoana walikuwa wameoana. Ahadi ya ndoa iliyofuatiwa na tendo la ndoa nayo iliweza kuhesabiwa ndoa, na hata kuishi pamoja kwa muda mrefu huku jamii ikiwatambua kuwa mume na mke kuliweza kuthibitisha ndoa. Ndoa za namna hii ziliitwa ndoa zisizo za kawaida. Kanisa lilizikemea, lakini uhalali wake haukutiliwa shaka. Umri wa chini ulikuwa miaka 12 kwa msichana na 14 kwa mvulana, na idhini ya mzazi haikuhitajika. Mwaka 1811, katika shauri la Dalrymple, jaji wa London Sir William Scott alieleza sheria hii ya Uskoti kwa kirefu, na akaamua kwamba ahadi za maandishi ambazo afisa wa jeshi aliyelelewa Uingereza alimpa Johanna Gordon, mwanamke wa Kiskoti, zilifanya ndoa halali.

Barabara ya malipo iliyojengwa katika miaka ya 1770 ndiyo iliyokifanya Gretna Green kuwa kijiji cha kwanza kufikika kwa urahisi baada ya mpaka. Wenyeji waliona faida, wakaanza kuwaoza wageni kwa ada iliyopatanwa kulingana na mavazi ya bwana harusi na kasi ya baba mkwe aliyekuwa njiani. Waliitwa makasisi wa fuawe, kwa jina la chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake, ingawa hawakuwa makasisi na wengi wao hawakuwa wahunzi. Mbele ya sheria hawakuwa na kazi nyingine zaidi ya kuwa mashahidi wa tamko la wawili, na vyeti walivyotoa havikuwa na nguvu ila kama ushahidi. Mwaka 1782 kabaila wa Westmorland alimtorosha Sarah Child, mtoto wa tajiri wa benki Robert Child, wakaoana huko. Baba hakuweza kuibatilisha ndoa, lakini aliandika wasia uliohakikisha kwamba utajiri wake haumwangukii mrithi wa cheo cha mkwewe.

Si haki kuisimulia Gretna Green kana kwamba ilikuwa kimbilio la mapenzi tu. Mwaka 1826 Edward Gibbon Wakefield, aliyetamani mali na ukwe wa watu wenye nguvu, alimhadaa Ellen Turner, mwanafunzi wa miaka 15, akamtoa shuleni kwa barua ya uongo, akamwaminisha kwamba baba yake angefilisika asipokubali kuolewa, na akamwoa mpakani. Wakefield alifungwa miaka mitatu, na ilihitajika sheria maalumu ya Bunge kuivunja ndoa hiyo. Urahisi uleule uliomwokoa kijana kutoka kwa baba mkali ulimtia mtoto mikononi mwa mlaghai. Ndiyo maana muda wa kusubiri na tangazo la hadharani haviwezi kudharauliwa kuwa ni usumbufu wa ofisini.

Bunge liliubana mlango huo mwaka 1856, kwa sheria iliyotetewa na Lord Brougham, ambaye mwenyewe alikuwa ameoa katika mji mwingine wa mpakani, Coldstream, mwaka 1819. Tangu hapo mmoja wa wachumba alipaswa awe mkazi wa Uskoti au awe ameishi huko siku 21 kabla ya ndoa. Miaka mitano baadaye Bunge la Mabwana, lililokuwa pia mahakama ya rufaa, lilitoa hukumu yenye uzito zaidi kwa maharusi wa ugenini, katika shauri la Brook. Mwingereza mmoja alikuwa amemwoa dada wa marehemu mkewe huko Wandsbek, karibu na Altona, katika himaya ya Denmark ya wakati huo, ambako ndoa hiyo iliruhusiwa, ilhali Uingereza iliikataza. Mabwana waliamua kwamba namna ya kufunga ndoa hufuata sheria ya mahali inapofungwa, lakini uwezo wa mtu kuoa hufuata sheria ya nchi yenye makazi yake ya kudumu. Ndoa ikabatilika, na watoto wakahesabiwa kuwa wa nje ya ndoa.

Mgawanyo huo wa namna na uwezo umeenea mbali. Sheria ya Ndoa ya Tanzania Bara ya mwaka 1971 huitambua ndoa iliyofungwa nje ikiwa imefuata utaratibu wa nchi ilikofungwa, na ikiwa kila mmoja alikuwa na uwezo wa kuoa au kuolewa kwa sheria ya makazi yake, na aliridhia kwa hiari yake.

Huko Uskoti, ndoa ya tamko tupu ilifutwa kuanzia tarehe 1 Julai 1940, na ile iliyothibitishwa kwa kuishi pamoja ilifutwa kwa sheria ya mwaka 2006. Sharti la ukazi nalo limeondolewa. Wachumba wanaotaka kuoana Gretna Green sasa hupeleka taarifa kwa msajili wa wilaya angalau siku 29 kabla, pamoja na vyeti vya kuzaliwa na vya talaka au kifo cha mwenzi wa awali, na anayeishi nje ya ufalme huleta pia, inapowezekana, cheti cha mamlaka ya kwao kinachothibitisha kwamba hakuna kizuizi cha ndoa. Karakana ya zamani ya mhunzi kijijini hapo ingali inapokea maharusi, lakini asiye na hati hizo hawezi kuozwa humo.