Chapa za Skrini za Eduardo Paolozzi

Eduardo Paolozzi alizaliwa mwaka 1924 huko Leith, Uskoti, kwa wazazi wa Kiitaliano. Alijulikana kwanza kama mchongaji sanamu, lakini chapa zake za skrini zina uzito uleule katika historia ya sanaa ya Uingereza.

Katika uchapaji huu, kitambaa chembamba huwambwa kwenye fremu, na sehemu zisizotakiwa kupokea rangi huzibwa kwa stensili. Kisha wino husukumwa kwa kibao cha mpira upite kwenye matundu ya kitambaa hadi kwenye karatasi. Kila rangi huhitaji stensili yake. Matokeo ni rangi bapa zenye kingo kali, zinazofaa sana miraba, mistari na duara.

Nchini Uingereza, mbinu hiyo ilitumika zaidi kwa mabango ya biashara hadi Chris Prater, mwenye karakana ya Kelpra jijini London, alipoanza kuwachapia wasanii. Mwaka 1965 alichapa As Is When, mfululizo wa Paolozzi wa picha 12 kuhusu maisha na maandishi ya mwanafalsafa Ludwig Wittgenstein. Paolozzi alitayarisha kolaji, yaani picha za vipande vilivyobandikwa pamoja. Prater akakata stensili kwa mkono.

Katika miaka ya 1970, mfululizo wake mwingine, Calcium Light Night, ulifuata, ukihusishwa na muziki wa Mmarekani Charles Ives. Ruwaza kama za chapa hizo zilionekana tena kwenye mozaiki za Paolozzi za kituo cha treni cha Tottenham Court Road, miaka ya 1980.

Paolozzi alifariki mwaka 2005. As Is When inahesabiwa miongoni mwa kazi kuu za uchapaji wa karne ya 20.