Konokono na sumu ya metali kwenye udongo

Mvua za masika zikianza, konokono wakubwa wa nchi kavu hutokeza kila pembe ya Unguja: kwenye migomba, kwenye mipapai, hata kwenye kuta za Mji Mkongwe. Mkulima anamjua kama mharibifu wa mboga. Wanasayansi wanamtumia kupima sumu iliyomo kwenye udongo.

Sumu gani?

Ni metali nzito kama risasi na kadimi. Hutoka kwenye betri kuukuu, rangi za zamani, vyuma chakavu na taka zinazochomwa. Petroli yenye risasi iliondolewa kusini mwa Sahara kufikia mwanzoni mwa 2006, lakini risasi haiozi. Iliyoangukia kando ya barabara inaweza kubaki udongoni miaka mingi. Hudhuru ubongo wa mtoto unaokua. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofungwa 2014 kiliacha risasi kwenye udongo na kwenye damu za watoto.

Kwa nini konokono?

Haendi mbali. Hutambaa juu ya udongo, hula majani yenye vumbi na udongo kidogo. Metali, hasa kadimi, hujikusanya katika kiungo chake kinachofanya kazi kama ini. Kupima udongo kunaonyesha sumu iliyopo. Kumpima konokono kunaonyesha kiasi kinachoingia katika mwili wa kiumbe hai.

Hupimwaje?

Konokono wa umri mmoja, waliokulia mahali safi, huwekwa kwenye vizimba sehemu inayochunguzwa kwa siku 28, kisha hupimwa maabara. Njia hii imetumika sana Ufaransa, na mwaka 2021 ilipata kiwango cha kimataifa cha ISO. Kwa Unguja, vizimba vinaweza kuwekwa Darajani penye magari mengi, karibu na jaa la Kibele, na Jozani msituni kwa kulinganisha. Kulinganisha ni lazima, kwa sababu damu ya konokono ina shaba kwa maumbile. Kuikuta shaba peke yake si ushahidi wa uchafuzi.

Wewe ufanye nini?

Metali haionekani kwa macho. Konokono mnene shambani si dalili kwamba udongo ni salama. Jibu hutoka maabara.

Usimshike konokono kwa mikono mitupu, maana anaweza kubeba minyoo wanaodhuru ubongo wa binadamu. Osha mikono na mboga kwa maji safi. Lakini kumbuka, kuosha huondoa vumbi la juu tu. Metali iliyopandishwa na mizizi haitoki.

Usivunje wala kuchoma betri nyumbani, na usimwage maji yake karibu na bustani, kisima au mahali wanapocheza watoto.