Zile Tarumbeta za "One More Time"

Sekunde chache tu zinatosha. Tarumbeta zinaanza kwa mbali, kama zinapigwa chumba cha pili na mlango umefungwa. Halafu mlango unafunguka, mdundo unaingia, na klabu nzima inajua kinachofuata. "One More Time" ya Daft Punk ilitoka Novemba 2000, na Machi 2001 ikafungua albamu yao ya pili, Discovery. Wengi wetu tunazijua hizo tarumbeta kuliko tunavyojua ubeti wa pili wa wimbo wa taifa. Lakini hazikupigwa kwa ajili ya Daft Punk. Zilirekodiwa miaka 21 kabla, kwa wimbo wa mtu mwingine.

Thomas Bangalter na Guy-Manuel de Homem-Christo walikuwa vijana wawili wa Paris. Albamu yao ya kwanza, Homework ya 1997, ilikuwa house kavu, ngumu, ya kutoa jasho. Watu wakangoja Homework nyingine. Wakaletewa disko, magitaa ya roki na sauti tamu za mashine. Jamaa walitaka kurudi utotoni, ule umri unapenda wimbo bila kujiuliza kama wasee watakucheka. Kwa Bangalter, disko ilikuwa mambo ya nyumbani kabisa: babake, Daniel Vangarde, ni mmoja wa waliotunga "D.I.S.C.O." ya Ottawan. Si wote walioelewa. Pitchfork waliipa 6.4, halafu 2021 wakarudi mbio kuipa 10. Ilichukua miaka ishirini, lakini sawa.

Sasa, utoto huo waliujenga kwa santuri za watu. Unachukua rekodi ya zamani, unaiingiza kwenye mashine, unakata kipande, unakiongeza kasi, unakirudia mpaka kinakuwa kitu kipya. "Harder, Better, Faster, Stronger" imesimama juu ya "Cola Bottle Baby" ya Edwin Birdsong. "Digital Love" inatokana na "I Love You More" ya George Duke. Majina hayo yalichapishwa kwenye albamu. Poa.

La Eddie Johns halikuchapishwa. Huyu ni mwimbaji mzaliwa wa Liberia aliyehamia Ufaransa na kurekodi huko "More Spell on You", 1979. Tarumbeta za "One More Time" zimetoka humo. Zilikatwa vipande vidogo na kupangwa upya kwa ustadi mwingi kiasi kwamba mashabiki walibishana kwa miaka kama kweli ni zenyewe. Ni kazi safi, siwezi kuikataa. Na ndiyo maana ilikuwa rahisi kumsahau.

Kipindi hicho ndipo wale wawili walivaa helmeti na kuwa roboti. Hadithi yao ilikuwa kwamba mashine zililipuka studioni tarehe 9 Septemba 1999, wakaamka hivyo. Walitaka sura zao zisisumbue muziki, na mimi bado napenda wazo hilo. Ila wao walijificha kwa hiari, na kila mtu alijua ni kina nani wako ndani.

Februari 2021 walitangaza kuachana. Mwaka huo huo gazeti la Los Angeles Times likamwandika Eddie Johns: mzee anayeishi Los Angeles, aliyewahi kupigwa na kiharusi na kulala nje bila makao, na ambaye hakuwa amepata hata senti kutokana na ule wimbo. Kampuni ya Daft Punk ikasema malipo hutumwa mara mbili kwa mwaka kwa mwenye rekodi. Na mwenye rekodi si yule aliyeimba. Ni kampuni ya Kifaransa iliyonunua haki hizo katika miaka ya tisini, ambayo ilisema haikuwa na mawasiliano naye na kwamba sasa inashughulikia pesa zake. Yaani doo zilitoka, zikafika mahali, zikakaa. Rekodi zinapouzwa, mikataba huenda nazo. Anwani ya mwimbaji hubaki kwenye droo fulani.

Itafute "More Spell on You" uisikilize na spika nzuri. Tarumbeta ziko mle ndani, zimepangwa vingine, na kuna mtu anaimba.