Nani Ashikaye Ufunguo? Historia Fupi ya Pochi za Sarafu za Kidijitali

Katika semina moja juu ya historia ya fedha, mwanafunzi aliniuliza: "Dokta, ikiwa sarafu hizi hazina benki kuu wala gavana, mwenye nazo anamwamini nani?" Nilimjibu kwa haraka kwamba anaamini hisabati. Jibu hilo limenikera tangu siku ile, kwa kuwa ni nusu ya ukweli. Hakuna mtu anayeigusa hisabati kwa mkono wake. Anachokigusa ni kitufe kwenye kioo cha kompyuta, na kitufe hicho kimetengenezwa na mtu.

Satoshi Nakamoto, ambaye hadi leo hatujui ni nani, alitoa programu ya kwanza ya Bitcoin mwezi Januari 2009. Iliandikwa kwa lugha ya C++, ikiwa na madirisha ya kijivu yaliyofanana na programu za ofisini za miaka ya tisini. Funguo za siri zilikaa ndani ya faili moja iliyoitwa wallet.dat. Ni vyema nifafanue hapa, maana wengi hukosea: pochi ya aina hii haihifadhi sarafu. Sarafu ni maandishi katika leja inayonakiliwa na maelfu ya kompyuta. Pochi huhifadhi ufunguo unaompa mtu mamlaka ya kuyahamisha. Aibaye ufunguo ameiba kila kitu, na hakuna dawati la malalamiko. Hata hivyo, ilibidi kungoja hadi mwaka 2011 ndipo faili ile iweze kufungwa kwa nywila. Mwaka huohuo sura ya programu ilijengwa upya kwa zana ziitwazo Qt, na ndizo inazotumia mpaka sasa.

Mageuzi makubwa zaidi yalitoka kwingine. Mwaka 2013 kampuni ya GitHub ilianza kutengeneza zana ambayo baadaye, mwaka 2015, ilipewa jina la Electron. Wazo lake lilikuwa jepesi: chukua kivinjari cha Chromium, kiunganishe na Node.js, kisha uandike programu ya kompyuta kwa lugha zilezile za kurasa za wavuti, yaani HTML, CSS na JavaScript. Mafundi wa C++ ni wachache na ni ghali; wa JavaScript wamejaa kila mji. Tena msimbo mmoja unatosha kwa Windows, Mac na Linux. Siwalaumu waliovutwa na jambo hilo. Ethereum ilipozinduliwa Julai 2015, kuitumia kulihitaji kuandika amri katika dirisha jeusi, na mtu wa kawaida asingethubutu. Ndipo ikaja Mist, iliyojengwa juu ya Electron, ikiwa na rangi, picha ndogo za akaunti na vitufe vinavyoeleweka. Ilikusudiwa kuwa pochi na kivinjari kwa pamoja.

Hapo ndipo ulipokuwa mtego. Ukurasa wa wavuti katika kivinjari cha kawaida ni kama mgeni aliyekaribishwa barazani: anazungumza, ananywa kahawa, lakini haingii chumbani. Hawezi kufungua faili zako. Electron, kwa asili yake, inaweza kumpa mgeni huyo funguo za nyumba nzima, mwenye kuijenga asipokuwa mwangalifu. Mwezi Desemba 2017 Wakfu wa Ethereum ulitoa tahadhari: udhaifu uliogunduliwa katika Chromium ulikuwa unaathiri kivinjari cha Mist, hivyo watumiaji wasitembelee tovuti wasizoziamini. Waliokiri hilo walieleza chanzo kwa uungwana. Udhaifu ukipatikana, kwanza Chromium ipigwe kiraka, kisha Electron ikichukue kiraka hicho, kisha Mist iichukue Electron mpya. Muda wote huo mlango u wazi. Mwezi Machi 2019 walitangaza kuizima Mist.

Kisa cha pili kinanigusa zaidi, kwa sababu hakikuhusu kosa la mashine. Copay, pochi ya kampuni ya BitPay, nayo ilijengwa kwa teknolojia za wavuti. Desturi ya ujenzi huo ni kuazima: programu moja hubeba mamia ya vifurushi vilivyoandikwa na watu wengine, wengi wao wakijitolea bila malipo. Kimojawapo kiliitwa event-stream, kilichopakuliwa zaidi ya mara milioni moja kwa wiki. Mwandishi wake wa awali hakukitumia tena, na mwaka 2018 akamkabidhi mtu asiyemjua aliyeomba kumsaidia. Msaidizi huyo akapenyeza msimbo wa wizi. Msimbo ulifungwa kwa fumbo, na ufunguo wa kulifumbua ulikuwa maneno ya maelezo ya Copay yenyewe, ambayo kwa Kiswahili ni "Pochi Salama ya Bitcoin". Ulilala kimya kwa kila mtu mwingine. Ndani ya Copay uliamka, ukatafuta akaunti zenye zaidi ya bitcoin 100, na kunyakua funguo zake. Uligunduliwa mwezi Novemba, baada ya majuma kadhaa.

Wapo wanaosema fundisho ni kurudi kwenye C++. Sikubaliani nao, kwani madirisha ya kijivu yaliwahudumia wajuzi peke yao, na mfumo unaojinadi kuwa wa watu wote hauwezi kuridhika na hilo. Ninachokataa ni lile dai kwamba mwamana umeondolewa. Umehamishwa tu. Benki Kuu ya Tanzania ilipotoa tahadhari dhidi ya sarafu hizi mwezi Novemba 2019, baadhi ya vijana wetu waliicheka kwamba inalinda ulaji wake. Huenda. Lakini gavana ana jina, ana ofisi, na Bunge laweza kumhoji. Yule aliyejitolea kutunza event-stream hakuwa na mkataba na mtu yeyote.

Mwezi Aprili 2019, majuma machache baada ya tangazo la kuizima Mist, lilitoka toleo la tano la Electron. Katika toleo hilo, uwezo wa kurasa kutumia Node.js ulizimwa tangu mwanzo. Anayeutaka sharti auwashe mwenyewe.