KINA MAMA WASIO NA MAJINA: KURA YA MWANAMKE ILIFIKAJE HUKU KWETU?

Kila siku hapa tunaandika nani kaachana na nani. Leo mastaa wapumzike kidogo. Nataka tuwaongelee watu ambao hakuna anayewajua kwa jina, ila bila wao mama yako asingesimama kwenye foleni ya kura.

Ukiuliza kijiweni mwanamke wa Tanzania kaanza kupiga kura lini, wengi watakwambia "si tangu uhuru". Ukiingia mtandaoni utakuta wameandika 1959. Kila jibu lina ukweli wake, lakini hakuna linalokupa habari nzima. Haya twende taratibu.

KURA TATU, NA MASHARTI YAKE

Uchaguzi wa kwanza wa Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika ulifanyika kwa awamu mbili, Septemba 1958 na Februari 1959. Wakati huo Kahama yetu haikuwa Shinyanga. Ilikuwa Jimbo la Magharibi, makao makuu Tabora, na jimbo hilo lilipiga kura awamu ya kwanza. Kwa hiyo huku kwetu mambo yalianza hata kabla ya huo mwaka wa mtandaoni.

Sheria haikumkataza mwanamke. Hapo ndipo penye ujanja sasa. Ili uandikishwe ulitakiwa uwe na miaka 21, halafu uwe umesoma mpaka darasa la nane, au uwe na kipato cha pauni 150 kwa mwaka (shilingi 3,000 za wakati ule), au uwe na cheo kinachotambulika. Ukishapita hapo, ulilazimika kuchagua watu watatu: Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Ndiyo maana wazee wanauita uchaguzi wa kura tatu. TANU wenyewe karibu wagawanyike kwenye mkutano wa Tabora, Januari 1958, wakibishana kama waingie au wasuse. Waliamua kuingia. Zuberi Mtemvu hakukubali, akatoka na kuanzisha chama chake cha ANC.

Sasa jiulize, mwanamke wa kijijini huku, anayelima mpunga na mtama, darasa la nane angelitoa wapi? Shilingi 3,000 angezitoa wapi? Mavuno ya pamoja, hela anashika baba. Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi kwenye karatasi, ila kizingiti kilikuwa juu mno. Nchi nzima walioandikishwa ni kama elfu sitini tu, wanaume kwa wanawake.

Hata hivyo wanawake wachache walishinda viti. Sophia Mustafa wa Arusha na Lady Marion Chesham wa Iringa waliingia 1958, na Barbro Johansson, mwalimu Msweden aliyekuwa Bukoba, akaingia 1959. Hao tunawajua. Ila angalia: mmoja Mwasia, wawili Wazungu. Mwanamke Mwafrika alikuwa wapi?

ALIKUWA ANAUZA KADI

Mwanamke Mwafrika alikuwa mtaani anaingiza watu kwenye chama. Jina kubwa hapa ni Bibi Titi Mohamed, kadi ya TANU namba 16. Alikuwa mwimbaji wa ngoma Dar es Salaam, na mwaka 1955 alipokabidhiwa kitengo cha wanawake alianzia kwenye vikundi vya ngoma anavyovijua. Ndani ya miezi michache maelfu ya wanawake wakawa na kadi. Walikuwa wauza vitumbua, wapika pombe, wapangishaji wa vyumba. Elimu yake mwenyewe ilikuwa darasa la nne. Yaani mama aliyeijaza TANU wanachama, kwa kigezo cha shule peke yake asingeruhusiwa kupiga kura 1958!

Jirani zetu wa Usukuma walikuwa na tabu zaidi. Kuanzia 1954 mpaka 1958 serikali ya kikoloni ilizuia TANU kufanya kazi huko. Mwaka 1958 Geita ikachemka, watu wakapinga baraza la wilaya la mchanganyiko wa rangi walilowekewa, wakatembea mpaka Mwanza kudai haki yao, wakapigwa mabomu ya machozi. Vitabu vinawaita "wananchi". Sawa, lakini nani aliwapikia? Nani alibaki analima na kulea watoto? Hao hawana picha wala barabara yenye jina lao.

MLANGO UNAFUNGUKA

Uchaguzi wa Agosti 1960 masharti yalilegezwa: kujua kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza kulitosha, au kipato cha pauni 75. Walioandikishwa wakaruka mpaka karibu laki tisa. Bibi Titi akawa mbunge wa Rufiji. Ila kati ya viti 71, viti 58 vilipita bila kupingwa, kwa hiyo sehemu nyingi mtu alikuwa na haki lakini hakuna kura ya kupiga.

Mama asiyejua kusoma, asiye na kipato, alisubiri mpaka tarehe 1 Novemba 1962, Nyerere na Mtemvu walipogombea urais. Hapo kila mtu mzima aliruhusiwa. Kwangu mimi hiyo ndiyo siku ya bibi zetu wengi. Wenzetu Zanzibar, mwaka 1957 walipiga wanaume peke yao, wanawake wakaanza Januari 1961. Na msione tumechelewa: Uswisi, na utajiri wake wote, wanawake walipata kura ya taifa 1971.

KADI YAKO IKO WAPI?

Naandika haya kwa sababu ya jambo linaloniuma. Pale sokoni kwenye mchele, wapo kina mama waliochukua mkopo wa kausha damu na kadi ya mpiga kura wakaiacha bondi. Siku ya kura ikifika, kichinjio kiko kwenye droo ya mtu. Wengine kadi anashika mume. Wengine wanachaguliwa jina kwa kanga moja.

Mwaka 1958 waliomzuia walikuwa wakoloni na shilingi zao 3,000. Leo mama yetu anazuiliwa na deni la elfu hamsini. Tofauti ni nini? Mwenye hela anapiga kura, asiye nayo anaangalia.

Mayu, komboa kadi yako. Ukikopa, weka kitu kingine. Na nyie vijana wenzangu, kama bibi yako bado yupo hai, leo hii kamuulize mara ya kwanza alipiga kura lini na nani alimsindikiza. Halafu njoo uandike hapo chini, jina lake uliweke kama ataruhusu. Wameishi bila kuandikwa muda mrefu sana.

Tuko pamoja.