Nani Alimuuguza Mgonjwa wa Qurayyat?

Ukisoma historia ya afya nchini Oman, utakutana na takwimu rasmi ileile karibu kila mahali: mwaka 1970, Sultan Qaboos bin Said aliposhika madaraka, nchi nzima ilikuwa na hospitali mbili zenye vitanda 12, na barabara ya lami kilomita 10 tu. Kisha yanafuata majengo: Hospitali ya Kifalme mwaka 1987, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Sultan Qaboos mwaka 1990. Ni historia ya vitanda. Aliyekaa pembeni ya kitanda haonekani.

Tuchukue Qurayyat, mji wa wavuvi ulio pwani, kilomita zisizofika 100 kusini-mashariki mwa Maskati mjini. Vitabu huutaja kwa mwaka 1507, Wareno wa Afonso de Albuquerque walipouvamia na kuuchoma. Swali langu ni dogo zaidi. Kabla ya 1970, mvuvi wa hapo akivunjika mguu, au mama akikwama katika uzazi, nani alikuwa naye?

Hospitali ya kukimbilia ilikuwa Matrah, ya wamisionari wa Kimarekani, ambako Dk. Wells Thoms alifanya kazi tangu 1939 hadi 1970. Kufika huko ni kwa chombo cha baharini au kwa mnyama kupitia milimani. Mgonjwa hakwenda peke yake, wala asingeweza. Walikwenda naye jamaa wa kumbeba, wa kumpikia, wa kumwosha na wa kulala chini karibu naye. Daktari alitoa dawa na kupasua. Mengine yote yalikuwa kazi ya nyumbani iliyohamishiwa hospitalini. Hebu tufikirie na gharama yake: siku ambazo mashua haikwenda kuvua, watoto walioachiwa bibi, chakula cha njiani. Hayo hayamo katika hesabu ya vitanda.

Hapa Kiswahili kinatusaidia. Kutokana na kuugua tunapata kuuguza, yaani kumhudumia anayeugua, na hii ni kazi ya mama, dada, mke au mtoto tangu zamani. Hospitali ilipokuja ilichukua kitenzi hicho cha nyumbani ikampa mtaalamu wake jina la muuguzi. Jamaa akabaki na kazi, jina likaondoka. Hospitali za Oman humwita kwa Kiarabu murafiq, mwenye kufuatana na mtu, kama kwamba amekuja kumsindikiza tu!

Baada ya 1970 Waomani wengi waliokuwa Afrika Mashariki, hasa waliotoka Unguja kufuatia Mapinduzi ya 1964, walirudi. Wengi walikuwa na elimu ya skuli, na wanawake miongoni mwao waliingia katika ualimu na uuguzi. Kwa hiyo Kiswahili kilisikika wodini mapema. Nafikiri iko makala nzima hapo, na ningefurahi mwanachama mwenzangu akiiandika.

Magonjwa nayo yalibadilika. Mwaka 2012 Oman ilikuwa nchi ya kwanza kuthibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imetokomeza trakoma, ugonjwa wa macho uliowafanya wazee wengi waongozwe mkono na wajukuu. Lakini kisukari, shinikizo la damu na kiharusi havimalizwi kwa wiki moja hospitalini. Qurayyat ina hospitali yake sasa na Maskati ni safari ya gari. Mgonjwa anarudishwa nyumbani mapema, na kazi inarudi naye. Anayemuuguza anatakiwa kujua kuchoma insulini, kumgeuza asipate vidonda, kutambua dalili za hatari. Mara nyingi anafundishwa mlangoni, wakati wa kuruhusiwa, dakika chache. Tena njia yenyewe si ya kuaminika siku zote: Juni 2007 kimbunga Gonu kiliipiga Qurayyat vibaya, barabara zikakatika, na waliokuwa na wagonjwa majumbani wakabaki na walichokuwa nacho kabatini.

Serikali imeanza kumwona mtu huyu. Sheria ya Kazi iliyotolewa kwa Amri ya Kifalme namba 53 ya mwaka 2023 inampa mfanyakazi likizo ya siku 15 kwa mwaka kufuatana na mgonjwa aliye mwenzi wake wa ndoa au ndugu yake hadi daraja la pili. Ni hatua kubwa, siipuuzi. Lakini hesabu daraja hizo kwa vidole: wazazi na watoto ni la kwanza, ndugu, babu, bibi na wajukuu ni la pili. Shangazi, ami, khalati na mjomba ni la tatu. Nyumbani kwetu shangazi ndiye aliyetulea, na akiugua, sisi ndio tutakaomuuguza.